Roketi Zirudizo Nyumbani

Tarehe 30 Desemba 2024, mchana, watu wa kijiji cha Mukuku huko Makueni, katika nchi ya Ukambani, waliona jambo ambalo wazee wao hawakupata kulisimulia. Pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka juu. Upana wake ulikuwa kama meta mbili na nusu, na uzito wake kilo 500 hivi, yaani mzigo wa magunia kumi ya saruji. Kwa rehema ya Mungu hakuna mtu aliyeumia. Polisi walifika, na baada yao wataalamu wa Shirika la Anga la Kenya. Walipoitazama wakasema kwamba ni pete itenganishayo sehemu za roketi. Vitu vya namna hiyo hukusudiwa kuungua viingiapo tena katika hewa, au kuanguka baharini mahali pasipo watu. Hiki hakikuungua, wala bahari haikuwa karibu.

Watu wengi waliuliza pete ile ilitupwa na nani. Lakini liko swali jingine, nalo ndilo nitakalo tulitazame leo, ndugu msomaji. Kwa nini roketi hutupwa?

Hebu fikiri habari ya jahazi. Nahodha apakia boriti Lamu, atweka tanga, afika Unguja salama. Watu washusha boriti. Kisha nahodha alitia jahazi moto, apanda ngalawa ndogo na kurudi kwao. Na kwa safari ya pili mafundi waanza tena kukata mbao na kupiga misumari. Nauli ya jahazi hilo ingekuwa kiasi gani? Nani angeweza kupeleka hata kikapu kimoja cha ndizi?

Lakini ndivyo ilivyokuwa safari ya anga kwa miaka mingi. Roketi ile kubwa ya Wamarekani, Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini tangu mwaka 1968 hata 1972, ilikuwa na uzito wa tani 2,900 hivi siku ya kuondoka, na urefu wa futi 363. Kilichorudi duniani kilikuwa chumba kidogo cha watu watatu, tani kama 5, kikining'inia chini ya miavuli. Yaliyosalia yalikwenda baharini, au yalipotea angani, au yaliachwa juu ya mwezi. Nasi wa Afrika Mashariki tumeyaona mambo hayo karibu na kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, Waitalia walirusha satelaiti ya Wamarekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kuchungua miali itokayo kwenye nyota, nayo ikapewa jina Uhuru kwa ajili ya siku ile. Roketi yenyewe iliitwa Scout, ya sehemu nne zilizopangwa moja juu ya moja, na hakuna hata moja iliyotumika tena.

HESABU YA MWALIMU KIZIWI

Msidhani mainjinia hao walikuwa wapumbavu au wabadhirifu. Walikuwa na sababu, na sababu hiyo iliandikwa zamani. Mwaka 1903 mwalimu mmoja wa shule katika mji wa Kaluga huko Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, alipiga chapa hesabu yake juu ya roketi. Mtu huyu alikuwa haisikii vema tangu utoto kwa ajili ya homa, na kwa hiyo alijifundisha mwenyewe kwa vitabu.

Maana ya hesabu ile twaweza kuieleza kwa habari ya misafara ya zamani. Wapagazi waendao safari ndefu hawana budi kuchukua chakula. Ukizidisha safari, wazidisha chakula. Ukizidisha chakula, wazidisha wapagazi. Na wapagazi hao nao wala. Mwishowe watu mia wapeleka mzigo wa watu wanne. Roketi ni vivyo hivyo. Mafuta yake hayaisukumi roketi tu, bali hulazimika kuyainua na mafuta mengine yaliyobaki tangini.

Tena wengi wadhani kazi ni kwenda juu. Sivyo. Kwenda juu si kazi kubwa sana. Kazi ni kwenda upesi. Chombo kikitaka kuizunguka dunia bila kuanguka lazima kifikie mwendo wa kilometa 28,000 kwa saa, karibu maili tano katika kila sekunde. Kikipungukiwa kidogo tu, chashuka.

Kwa hiyo katika kila kilo 100 za roketi iondokayo, kilo 90 hivi ni mafuta. Matangi, injini, mabomba na nyaya vyote vyapewa kilo sita. Mzigo wenyewe wapata kilo nne, mara nyingi pungufu. Basi, mtu akisema, "Irudisheni roketi yenu," injinia amwuliza, "Mabawa niyatoe wapi? Miguu ya kutulia? Mafuta ya kurudia? Kinga ya moto?" Vyote hivyo hutoka katika zile kilo nne. Ukikosea hesabu kidogo, roketi yako yaweza kwenda na kurudi vizuri kabisa, ila haina nafasi ya kubeba kitu.

NDEGE YENYE VIGAE

Wamarekani ndio waliojaribu kwanza kwa bidii. Mawazo yao ya awali yalikuwa mazuri: vyombo viwili vyenye mabawa na marubani, kimoja kikimbeba mwenzake mgongoni, na vyote viwili virudi na kutua uwanjani kama ndege. Lakini fedha hazikutosha. Tarehe 5 Januari 1972 Rais Nixon alitangaza kwamba chombo kitaundwa, na kilichoundwa, Space Shuttle, kilikuwa nusu ya mawazo yale. Ndege yenyewe ilirudi. Makombora mawili ya kando yaliangushwa baharini kwa miavuli, yakakokotwa na meli. Lile tangi kubwa la katikati, refu kuliko ndege, lilitupwa katika kila safari. Kwa njia hii waliokoa fedha za kuunda, wakazilipa baadaye katika kutumia, tena kwa riba.

Safari ya kwanza ilikuwa tarehe 12 Aprili 1981. Marubani walikuwa John Young na Robert Crippen. Ilikuwa siku ile ile ambayo miaka 20 kabla yake Mrusi Yuri Gagarin alikwenda angani, wa kwanza katika wanadamu. Ndege ile ilifunikwa kwa vigae zaidi ya 20,000, vilivyotengenezwa kwa nyuzi zitokanazo na mchanga. Ni vigae vya ajabu. Fundi aliweza kukitoa kimoja katika tanuri, katikati yake kingali chekundu kwa moto, akakishika pembeni kwa vidole vitupu asiungue. Lakini karibu kila kigae kilikuwa na umbo lake, na namba yake, na mahali pake pamoja tu. Baada ya kila safari watu walivipitia vyote, kimoja kimoja, kwa mkono. Injini nazo zilikuwa zikitolewa na kuchunguzwa.

Hapo ndipo lilipoonekana jambo ambalo halikuwa limepimwa vema: kitu kilichorudi si kitu kilicho tayari kwenda tena. Mwanzoni watu waliahidiwa safari nyingi, kadhaa kila mwezi. Mwaka uliokuwa na safari nyingi kuliko yote ulikuwa 1985, nazo zilikuwa 9. Ukihesabu gharama zote za mpango ule na kuzigawanya kwa safari zote 135, kila safari ilikula zaidi ya dola bilioni moja.

Na watu walikufa. Tarehe 28 Januari 1986 Challenger iliteketea angani baada ya sekunde 73 tu, pamoja na watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe, ambaye wanafunzi wake walikuwa wakimtazama. Pete ya mpira katika kiungo cha kombora la kando ilikuwa imekakamaa kwa baridi ya usiku, moto ukapenya. Mainjinia wa kiwanda kilichounda makombora hayo walikuwa wamesihi usiku uliotangulia kwamba chombo kisirushwe, hawakusikilizwa. Tarehe 1 Februari 2003 Columbia ilivunjika ikirudi, tena watu saba. Kipande cha sponji ngumu kutoka katika lile tangi la kutupwa kilikuwa kimepiga bawa la kushoto siku ya kuondoka, kikaliacha na tundu. Kwa siku 16 walifanya kazi zao juu, bila kujua kwamba njia ya kurudi ilikuwa imekwisha fungwa.

Sitaki kukitukana chombo kile. Ndicho kilichoipeleka darubini ya Hubble mwaka 1990, ndicho kilichojenga sehemu kubwa ya kituo cha anga cha mataifa. Lakini unafuu hakikuuleta, nacho kilistaafishwa Julai 2011.

KUTUA KWA MKIA

Wakati huo huo watu wengine walikuwa na wazo lililoonekana la kitoto. Kwa nini roketi isishuke vile ilivyopanda, wima, ikisimama juu ya moto wake? Tarehe 18 Agosti 1993, katika jangwa la New Mexico, chombo kidogo kiitwacho DC-X kilipanda meta chache, kikaenda kando, kikashuka na kutua kwa miguu yake. Mmoja wa walioketi kwenye mitambo ya kukiongoza alikuwa Pete Conrad, mtu wa tatu kukanyaga mwezi. Kiliruka mara kadhaa, na kazi yake ilifanywa na watu wachache sana kuliko jeshi lile la Shuttle. Julai 1996 mguu mmoja kati ya minne haukufunguka. Chombo kilitua vizuri, kikasimama kitambo kidogo, kisha kikainama na kuanguka na kuteketea. Fedha za kuunda kingine hazikupatikana. Mpira mmoja wa breki usiofungwa, na wazo likalala miaka mingi.

Aliyeliamsha kwa nguvu alikuwa Elon Musk, mzaliwa wa Pretoria, Afrika ya Kusini, aliyeanzisha kampuni ya SpaceX huko Marekani mwaka 2002. Ni mtu wa maneno mengi, na katika mambo mengine sina nia ya kumsifu, lakini hesabu yake hapa ilikuwa ya mtoto wa darasa la nne. Roketi yake Falcon 9 iliuzwa kwa dola milioni 60 na kitu kwa safari. Mafuta yaliyomo yaligharimu kama dola laki mbili. Zilizobaki karibu zote ni bei ya mitambo ambayo baada ya dakika chache yaenda chini ya bahari.

Msomaji atapenda kujua chombo kile hutuaje. Sehemu ya chini ya Falcon 9 ina injini 9, zitumiazo mafuta ya taa yaliyosafishwa sana pamoja na oksijeni iliyopoozwa hata ikawa kama maji. Baada ya dakika mbili na nusu hivi hukata, ikiwa juu zaidi ya kilometa 60, na sehemu ya juu huendelea na mzigo peke yake. Ile ya chini hujigeuza kwa kupuliza gesi ya baridi, mkia mbele. Huwasha injini tatu ili kupunguza mwendo isiunguzwe na hewa. Hufungua mapezi manne ya chuma yaliyo kama wavu, nayo huiongoza kama usukani wa mashua. Mwisho huwasha injini moja ya katikati.

Na hapo pana hatari ambayo wengi hawaijui. Matangi yakiwa karibu matupu, injini ile moja, hata ikipunguzwa hadi mwisho, yaizidi roketi nguvu. Haiwezi kuelea na kutafuta mahali pa kutua kama helikopta. Ikiwashwa mapema mno, itasimama juu ya ardhi kisha ianze kupanda tena. Ikichelewa, itajipiga chini. Ni lazima mwendo wake ufike sifuri mahali pale pale ardhi ilipo. Kompyuta yapiga hesabu hiyo upya mara nyingi kila sekunde. Mwanadamu hana mkono upesi kiasi hicho.

Wala hawakufaulu siku ya kwanza. Januari 2015 roketi ilipiga tishali lililowekwa baharini kwa sababu maji ya mitambo ya mapezi yalikwisha. Aprili ikatua, ikaanguka ubavu. Juni ikapasuka ikipanda, na mzigo wote wa kituo cha anga ukapotea. Usiku wa tarehe 21 Desemba 2015, siku nne kabla ya Noeli, iliondoka Cape Canaveral na satelaiti 11. Baada ya dakika kama 10 sehemu ya chini ilikuwa imesimama wima, nzima, maili chache tu kutoka mahali ilipoondokea. Mwezi mmoja kabla yake kampuni ya Blue Origin ilikuwa imetua vivyo hivyo huko Texas, lakini chombo chake kilikuwa cha kwenda juu na kurudi tu, si cha kupeleka kitu kizunguke dunia. Tarehe 30 Machi 2017 SpaceX waliirusha kwa mara ya pili roketi iliyokwisha kwenda, ikarudi tena.

Tangu hapo jambo limekuwa kama basi la kila siku. Mwaka 2024 kampuni ile ilirusha roketi za Falcon zaidi ya mara 130, na mwaka 2025 moja ya sehemu hizo za chini ilipita safari ya thelathini. Novemba 2025 Blue Origin nao walitua kwenye meli ile roketi yao kubwa, New Glenn.

NUSU ILIYOBAKI

Lakini msomaji makini atauliza: na sehemu ya juu? Hiyo ya Falcon hutupwa mpaka leo. Nayo ndiyo ngumu zaidi, kwa maana yafika ule mwendo wa maili tano kwa sekunde, na mwendo wote huo hauna budi kugeuka kuwa joto wakati wa kurudi.

Ndiyo sababu SpaceX waunda Starship huko Boca Chica, Texas, pwani ya Ghuba ya Meksiko. Ni kubwa kuliko Saturn V. Sehemu ya chini ina injini 33, na nia ni kwamba kisitupwe kitu chochote. Ile ya juu imefunikwa vigae, sawa na Shuttle, ila wamejitahidi viwe vya umbo moja, wengi wao pembe sita, ili kigae kilichovunjika kibadilishwe bila kutafuta ndugu yake. Katika safari ya Juni 2024 watu waliona kwa picha jinsi moto ulivyopenya kwenye kiungo cha bawa na kulila, chuma kikitatuka vipande. Hata hivyo bawa lile liliendelea kujigeuza, na chombo kikashuka polepole juu ya maji ya Bahari ya Hindi. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Tarehe 13 Oktoba 2024 sehemu ya chini ilirudi mpaka kwenye mnara wake, na mikono miwili ya chuma ikaikamata hewani kama mama adakavyo mtoto.

Kisha yakaja ya kusikitisha. Januari 2025, na tena Machi, chombo cha juu kilipasuka, na vipande vyenye moto vikaonekana katika visiwa vya Karibi; ndege za abiria ziligeuzwa njia. Watu wa huko hawakuwa wameombwa idhini, kama vile watu wa Mukuku. Hadi mwisho wa 2025 Starship ilikuwa imerushwa mara 11. Sehemu ya chini ilikuwa imetumika tena, lakini ya juu haijapata hata mara moja kurudi mzima na kuruka tena. Kama vigae vile vitahitaji kupitiwa kimoja kimoja kwa mkono, tutakuwa tumerudi mwaka 1985.

FEDHA ZAENDA WAPI

Najua msomaji mwingine atasema, "Watoto wanalala na njaa, nanyi mwaandika habari za roketi." Si neno la kudharau. Lakini tuangalie hesabu. Wakati wa Shuttle, wataalamu wakadiria kwamba kupeleka kilo moja juu kuligharimu zaidi ya dola 50,000. Kwa Falcon 9 ni dola 3,000 hivi. Bei ile ya kwanza iliwafungia mlango wote ila mataifa makubwa. Ya pili bado ni kali, lakini nchi ndogo yaweza kubisha hodi.

Hata hivyo tusidanganyike. Bei anayotozwa mwenye kukodi Falcon 9 nzima haikushuka baada ya roketi kuanza kurudi. Iliongezeka, kutoka dola milioni 62 hadi karibu 70. Unafuu mwingi umebaki mfukoni mwa mwenye roketi, ambaye amerusha nao maelfu ya satelaiti zake mwenyewe za intaneti. Mwenye jahazi moja tu bandarini hapunguzi nauli kwa sababu mbao zimekuwa rahisi. Anapunguza akija mwenye jahazi la pili. Ndiyo maana nafurahi kuona Blue Origin wakitua, na Wachina nao wakijaribu. Desemba 2025 roketi yao Zhuque-3 ilifikisha mzigo juu, ingawa sehemu ya chini iliungua karibu na kutua.

Walionufaika kwetu ni wale wasafirio pamoja na wengine, kama abiria wa matatu. Mnamo tarehe 15 Aprili 2023, saa 3 na dakika 48 asubuhi kwa saa zetu, baada ya kuahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, Falcon 9 iliondoka Vandenberg, California, na mizigo midogo mingi ya watu mbalimbali. Kati yake ilikuwamo Taifa-1, satelaiti ya Kenya, iliyo ndogo kiasi cha kubebwa kwa mikono miwili, iliyoundwa na mainjinia wa Kenya wakishirikiana na kampuni ya Bulgaria. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za nchi, zisaidie kujua hali ya mashamba, ukame na misitu. Nairobi watu walikuwa wamekusanyika kutazama.

Roketi iliyoibeba ilikuwa imekwisha kwenda safari nyingine kabla ya hiyo, na masizi yalionekana ubavuni. Dakika chache baadaye sehemu ya chini ilirudi ikatua kwa miguu yake Vandenberg kule kule, tayari kufutwa vumbi. Sehemu ya juu ilitoa mizigo yake mmoja mmoja, Taifa-1 nayo ikatoka. Hiyo ya juu haikurudi.